Nusu Nyingine ya Somo la Manowari

Mheshimiwa Mike alinitaka nisimame mbele ya watu wa Alunguli nitangaze kwamba mzinga wa boti yake ulikuwa na nguvu kuliko mizinga ya Monitor, manowari ya chuma ya Wamarekani iliyovuma dunia nzima katika karne ya kumi na tisa. Jambo hilo ni kweli. Nililipigia hesabu mwenyewe nikiwa binti wa shule, nimelirudia mara nyingi tangu hapo, na jibu halibadiliki. Ndiyo maana liliniunguza roho. Mwongo akikuomba useme uongo, unamwonyesha mlango. Huyu aliniomba niseme kweli, na ilibidi nikae chini nifikiri.

Mimi ni prefe, mkuu wa shule ya sekondari hapa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba kutoka katikati ya mji wa Kindu. Wazazi huniita Mama Prefe. Wanafunzi nao huniita hivyo wakiwa mbele yangu. Nikiwapa mgongo sijui wananiitaje, na sijauliza. Mheshimiwa alifika na magari mawili, akapita kiti cha wageni, akaketi kwenye changu. Nikabaki nimesimama ofisini mwangu kama mzazi aliyeitwa kwa utundu wa mtoto.

Alieleza kwamba amepata mzinga wa boti yake ya zamani, ule wa wakati wa vita, ameupaka rangi nyeusi, na atausimamisha kwenye saruji pale bandarini mitumbwi inapotua. Ni zawadi yake kwa Alunguli. Chini yake kutakuwa na jiwe lenye maandishi: kwamba boti hii iliwalinda wanafunzi wa Alunguli siku walipovuka kwenda kufanya mtihani wa Dola, ule wa kumaliza sekondari, na kwamba ilimwua adui wa porini aliyetaka kuwashambulia majini. Bati alizoahidi kwa paa la shule yangu zilikuwa tayari kwenye lori. Alitaka hotuba kutoka kwangu kwa sababu nilikuwa ndani ya mtumbwi siku ile, na kwa sababu ninazijua manowari.

"Mwalimu wenu mwenyewe njo alinihakikishia," akasema. "Mbele ya askari wangu. Alisema, kwa dakika moja boti yako inatupa chuma mingi kuliko Monitor. Sijasahau."

Hakusahau, kweli. Ila aliyekufa mtoni siku ile hakuwa adui wa porini. Alikufa mtu mmoja, jina lake Ephraïm, na alikuwa mwalimu wetu. Jiwe la mheshimiwa lingemgeuza kuwa adui wa watoto aliowafundisha, na watu wangepita hapo kila siku na ndoo zao, wakisoma, hadi wajukuu wetu waamini. Nilimwambia mheshimiwa kwamba nitasema. Sikumwambia nitasema nini, naye hakuuliza, kwa sababu watu wa namna yake hawaulizi.

Miaka ile ya vita mji ulishikwa na waasi, na msitu ulishikwa na wanamgambo waliowapinga. Sisi tulikuwa katikati. Ukienda shambani, wa mjini wanasema umewapelekea wa porini chumvi. Ukirudi, wa porini wanasema umewapelekea wa mjini habari. Tulikula sombe, yaani kisamvu, bila bukari, yaani ugali, halafu sombe bila chumvi. Watu walivaa magunia. Nasema hivi bila kutaka huruma ya mtu. Nataka tu ieleweke kwamba darasa letu la mwisho lilikuwa la watu wenye njaa, na bado tulikuja kila asubuhi.

Askari wa waasi walilala shuleni kwa muda na kupikia madawati. Madawati yalipokwisha wakapikia vitabu. Kitabu kimoja tu kiliwashinda. Kilikuwa kikubwa, cha Kifaransa, cha manowari za karne ya kumi na tisa, na karatasi zake zilikuwa nzito na za kung'aa. Ukiziwasha zinatoa moshi tu. Hata mama wa karanga aliikataa karatasi ile, akasema inateleza, karanga zinamwagika. Askari wakakitupa uani. Mwalimu Ephraïm akakiokota, akakifuta kwa mkono wa shati lake, na kuanzia siku hiyo kikawa masomo yetu yote.

Alikuwa mtu mfupi mwenye shati moja jeupe ambalo mke wake alilifua kila jioni. Hakuwa mpole. Ukileta jibu la kukisia alikuaibisha mbele ya wenzako, kwa maneno machache yanayobaki masikioni wiki nzima. Lakini alikuwa na njia yake. Kifaransa tulikisoma chini ya picha za meli. Jiografia ilikuwa bahari ambako meli hizo zilipigana. Hesabu ilikuwa mizinga. Alitufundisha kulinganisha nguvu za manowari mbili kama wengine wanavyolinganisha timu za mpira, na sisi tuligawanyika vilevile, tukagombana vilevile.

Wavulana karibu wote walikuwa upande wa Victory, ile ya Waingereza, ya mbao na matanga, yenye mizinga kama mia kwenye sakafu tatu. Walihesabu matundu ya mizinga kwenye picha, wakapiga makofi. Mwalimu akawaacha washangilie. Kisha akauliza: ukipiga mizinga yote ya upande mmoja kwa pamoja, umetupa chuma kilo ngapi? Tukajumlisha. Ilikaribia nusu tani. Akafungua kurasa za mbele zaidi, akatuonyesha Inflexible, manowari ya chuma ya miaka ya themanini ya karne ileile. Ilikuwa na mizinga mikubwa minne tu. Wavulana wakacheka. Akaandika ubaoni uzito wa kombora lake moja: zaidi ya robo tatu ya tani. Kombora moja lilizidi upande mzima wa Victory, na kicheko kikaisha.

Hapo akatupeleka hatua ya pili. Uzito peke yake haufai, akasema, mpaka ujue inachukua muda gani kupakia tena. Kwa hiyo tukaanza kuhesabu kilo kwa dakika. Mimi nilikuwa upande wa Monitor, kwa sababu ilichekwa na kila mtu. Picha yake ilikuwa ubao uliolala majini, na juu yake mnara mmoja wa duara kama sufuria lililofunikwa. Mizinga yake ilikuwa miwili tu, tena ya uvivu, dakika saba au nane kati ya pigo na pigo. Wenzangu walinitania hadi nikalia kwa hasira.

Mwalimu hakunitetea. Aliuliza swali la tatu, na aliuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayefungua mfuko mbele ya wenye njaa. "Mzinga inaangalia wapi?"

Ya Victory iliangalia pembeni. Ili kulenga, ilibidi ugeuze meli nzima, na adui mwenye akili alikuja kwa nyuma, mahali penye mizinga michache. Ya Monitor ilizunguka na mnara wake; meli inakaa, mzinga unageuka. Halafu akatuonyesha kurasa za mwisho, ambako kulikuwa na maboti madogo ya Waingereza yenye mzinga mmoja mkubwa puani. Mzinga ule uliangalia mbele tu. Ulilengwa kwa kugeuza boti nzima, na kwa ajili hiyo waliyapa maboti yale pangaboi mbili, yageuke upesi. Tuliitazama picha ile. Kisha mmoja wetu akatazama dirishani, halafu mwingine, na darasa zima likawa linatazama mto.

Boti ya Mike, mheshimiwa wa leo, wakati huo Komanda wa waasi, ilikuwa pale, mbele ya bandari ya upande wa pili. Ilikuwa boti ndefu ya mbao, ya kubebea mchele, aliyoipora. Puani alikuwa amefungia bunduki nzito ya mashine, ile inayokula risasi kwa mkanda, kwa boloti juu ya gogo, na bamba la chuma mbele yake. Nyuma ya mpigaji kulikuwa na nguzo na paa la bati, na chini ya paa mtu wa mashine, mwangalizi wa injini. Komanda aliiita bunduki ile mzinga na sisi tukaiita hivyo. Injini ilikuwa moja, mbovu. Tuliwasikia kila siku wakiivuta kwa kamba na kuitukana. Boti ilitiwa nanga, na mkondo wa Lualaba uliielekeza pua juu ya mto, kama mkondo unavyofanya kwa kila chombo chenye nanga.

Tukaipigia hesabu na yenyewe. Risasi yake moja ilikuwa nyepesi kama kipande cha sabuni kilichobaki mwisho wa kufua. Lakini zilikuwa nyingi mno kwa dakika. Jibu lilitoka, tukalirudia, likatoka vilevile: kilo kwa dakika, boti ile iliizidi Monitor yangu. Nilijisikia kuibiwa. Mwalimu aliliacha jibu ubaoni siku nzima.

Mwezi wa mtihani ukafika. Kituo kilikuwa kimoja tu, ng'ambo, na Komanda Mike alikuwa amefunga mto. Mtumbwi wowote utakaovuka utapigwa. Ndivyo alivyotangaza, akisema wavukaji wanapeleka chumvi kwa watu wa porini. Mtihani wa Dola hausubiri mtu. Usipoufanya siku yake, miaka yako yote ya shule inabaki maneno ya mdomoni. Katika miaka ile cheti kilikuwa kitu pekee ambacho askari hawangeweza kukila.

Mwalimu aliomba ruhusa. Askari walikuja kumchukua wakamvusha kwa boti ileile. Komanda akamuuliza anafundisha nini. Mwalimu akasema manowari. Komanda akafurahi sana, akataka kujua boti yake ingekuwa wapi kati ya hizo kubwa. Mwalimu akamwambia kweli yote ya kilo na dakika. Komanda akacheka hadi machozi, akawaita askari wote wasikie, akampa mwalimu sigara. Ruhusa hakumpa.

Aliporudi tulimkasirikia. Mimi nilimwambia usoni kwamba amemsifia mtu anayetunyima maisha yetu.

"Nimemwambia nusu," akasema mwalimu. "Nusu ingine njo yetu."

Sasa inabidi nieleze jinsi watu wa hapa wanavyovuka mto, maana bila hilo huwezi kuelewa. Lualaba hapa Kindu ina nguvu. Mpiga kafi anayejua kazi haendi moja kwa moja. Anapanda kwanza, akishika ukingo, mbali juu ya mahali anapotaka kufika, kisha anaukata mto kwa mshazari, na mkondo unamshusha taratibu hadi mguu wake unakanyaga bandari yenyewe. Mtu anayebebwa na maji akatua chini ya bandari, kwenye matope na magugu, anachekwa mwaka mzima. Wanawake wanaofua nguo kule chini humngoja wamuulize habari za Ubundu, mji ulioko siku nyingi chini ya mto. Nimeona mwanamume mzima akihama bandari kwa sababu ya swali hilo.

Kwa hiyo kila mtumbwi wa Kindu ulivuka juu ya bandari. Komanda Mike alikuwa mtu wa milimani, lakini hilo alikuwa ameliona kama kila mtu. Mzinga wake uliangalia juu ya mto, mahali ambapo wote wangepita. Hakuna aliyewahi kufikiria kuvuka kwa chini, nyuma ya boti, mahali ambapo mpigaji asingeweza kupiga bila kumtoboa mtu wake wa mashine na paa lake. Kugeuza boti kungetaka kung'oa nanga na kuiwasha ile injini.

Mwalimu alikwenda kwa Masudi, mpiga kafi aliyeheshimiwa kuliko wote Alunguli, mtu mwenye mabega mapana na maneno machache. Alimwomba aache maji yatubebe. Nilikuwepo. Masudi hakukasirika, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

"Mwalimu, maji hayijanibeba hata siku moja," akasema. "Kuniua, iniue. Kunibeba, hapana."

Binti yake Feza alikuwa ameketi karibu akitengeneza wavu. Alikuwa na umri kama wetu lakini shule aliiacha mapema, na mtumbwi aliuendesha vizuri ingawa wanaume hawakupenda kusema. Alisema bila kuinua kichwa, "Miye sina jina ya kupoteza. Nitawapeleka."

Kisha mwalimu akamwuliza Masudi kama basi angekubali kumvusha yeye peke yake, kwa juu, kama kawaida yake. Masudi akamwangalia vizuri. Nadhani alielewa kabla yetu sisi wote tuliojaa hesabu kichwani. Akajibu kwamba kwa juu atamvusha hata sasa hivi.

Asubuhi ya mtihani tulikusanyika ukingoni na sare zetu, mashati meupe na nguo za buluu zilizorudiwa viraka. Jua lilikuwa limeshatoka. Feza alikuwa na mtumbwi mkubwa wa kubebea mihogo. Tuliingia wote, wavulana na wasichana, kalamu tumezichomeka kwenye nywele zisilowe. Mwalimu Ephraïm alikuwa amesimama na shati lake jeupe lililofuliwa. Alituambia kwamba yeye na Masudi wanatangulia kwa juu, kwenda kuongea na Komanda mara nyingine, na kwamba sisi tungoje mpaka waanze kukata mto.

"Mukisikia mzinga inalia," akasema, "mujue iko inatuangalia sisi. Haiko inawaangalia ninyi. Mupige kafi, muende mukaandike."

Wakapanda kando ya ukingo, wazi, bila haraka, kwa namna ambayo Masudi alipanda siku zote. Tuliwaona wakigeuza pua na kuingia mtoni. Shati lilionekana kutoka mbali. Askari kwenye boti wakasimama, mmoja akapiga kelele, mpigaji akainama nyuma ya bamba. Ndipo Feza alipotusukuma.

Maji yalitubeba. Sitasema tulikuwa mashujaa. Nilikuwa nimeshika ubao wa mtumbwi kwa kucha na nilikuwa nimejikojolea. Tulipita nyuma ya boti karibu kiasi kwamba niliona viraka kwenye bati la paa. Mtu wa mashine akageuka akatuona. Alifungua mdomo, na wakati huohuo mzinga ukaanza kulia, ukiangalia juu ya mto. Hatukuinua vichwa. Kilo kwa dakika, nilijikuta nikihesabu, kilo kwa dakika, na nililia huku nikihesabu. Baadaye tukasikia kamba ya injini ikivutwa na mtu akitukana. Injini haikuwaka. Tulikuwa kwenye matope chini ya bandari, tunapanda magugu kwa mikono.

Wanawake waliokuwa wakifua walitusaidia kutoka. Hakuna aliyeuliza chochote. Tuliingia chumba cha mtihani tukiwa na matope mapajani, na msimamizi akatutazama, akafungua mlango zaidi. Tuliandika. Karibu wote tulifaulu. Masudi alitoka mtoni akiogelea kwa mkono mmoja, bega limetobolewa. Ephraïm hakutoka. Mwili wake uliokotwa siku kadhaa baadaye, chini kabisa, na shati lilikuwa bado jeupe upande mmoja.

Huyo ndiye adui wa porini wa kwenye jiwe.

Siku ya sherehe bandari yetu ya Alunguli ilijaa. Kulikuwa na viti vya plastiki, turubai, wakubwa wa komini, yaani serikali ya mtaa, polisi wachache, na lori la bati limeegeshwa mahali ambapo kila mtu angeliona. Mzinga ulikuwa juu ya saruji umepakwa rangi nyeusi, na pua yake ilielekezwa juu ya mto. Nani aliielekeza hivyo sijui. Labda hata hakufikiri. Masudi alikuwa ameketi mbele kwa sababu ni mzee. Mkono wake wa kulia hauinuki juu ya kifua tangu siku ile. Feza alikuwa kando yake. Waliobaki wa darasa letu nilikuwa nimewatumia habari waje, na walikuja, mmoja hadi kutoka Punia kwa pikipiki, akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

Nikapewa kipaza sauti. Nilianza kama nilivyofundishwa, kwa Victory. Niliwaeleza watu mizinga kama mia na nusu tani, nikawaeleza Inflexible na kombora lake moja, na wazee wakapiga miluzi ya kushangaa. Nikafika Monitor. Nikasema mheshimiwa anataka nilinganishe mzinga wake na Monitor, na kwamba nimelinganisha, na ni kweli: kwa dakika moja mzinga huu ulitupa chuma kingi kuliko manowari ile maarufu. Mheshimiwa Mike alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Nikangoja makofi yaishe.

"Hiyo njo nusu ya somo," nikasema. "Nusu ingine Mwalimu Ephraïm alitubakishia sisi. Mzinga inaangalia wapi? Monitor ilipigana na manowari yenye iliweza kuijibu. Hii iliangalia kule juu, kwa muntu moja mwenye shati nyeupe, na ule muntu alikuwa mwalimu wetu. Sisi tulipita nyuma yake. Haikutulinda. Haikutuona."

Niliwaomba waliokuwa kwenye mtumbwi wa Feza wasimame. Wakasimama, watu wazima, wenye mvi, mmoja na mjukuu mgongoni. Nikamwomba aliyemvusha mwalimu asimame. Masudi akasimama kwa msaada wa binti yake. Sikuwa na haja ya kuongeza neno, na ninyi mnaonijua mnajua jinsi hilo lilivyo gumu kwangu.

Mheshimiwa alikuja hadi karibu yangu akitabasamu kwa ajili ya watu. Alizungumza chini chini. "Mama Prefe, fikiria bati."

"Nimeshafikiria," nikamjibu ndani ya kipaza sauti. "Mvua tunaijua."

Watu wakacheka, kicheko kile kinachoanza kwa mmoja na kumalizika kwa wote. Tabasamu la mheshimiwa likaondoka. Aliwaamuru polisi wafunge sherehe, na hapo ndipo Masudi aliponyoosha mkono wake mzima kuelekea kwenye saruji.

"Mulete hiyo chuma kwa mutumbwi wangu."

Waliosimama hawakungoja kuambiwa mara mbili. Boloti zilikuwa mpya na hazikukazwa vizuri. Huyu wa Punia ni fundi wa pikipiki, funguo zake hulala mfukoni. Mheshimiwa alipiga kelele kwamba ni mali yake. Nilimkumbusha kwamba alisema ni zawadi kwa Alunguli, mbele ya watu wote hawa. Alunguli imepokea, nikasema, asante sana. Polisi walimtazama mkuu wa komini. Mkuu wa komini aliona jambo la lazima kwenye simu yake.

Tuliupakia. Tuliingia mimi na Feza na wengine wawili wa kupiga kafi. Masudi alikataa kukaa katikati kama abiria. Alikaa nyuma, kafi yake chini ya kwapa la mkono mzima, akituongoza. Tulipanda kando ya ukingo kama alivyopanda siku zote, taratibu, na watu walitembea ukingoni sambamba nasi. Juu, mahali anapoanzia kukata mto, akageuza pua. Tukaingia majini hadi akasema hapa. Sikumuuliza amejuaje kwamba ni pale mwalimu alipoangukia. Tukausukuma mzinga, mtumbwi ukainuka kidogo, na Lualaba ikaufunika bila fujo.

Nilidhani sasa tutaukata mto kwa mshazari, turudi bandarini kwa heshima. Feza alikuwa tayari na kafi. Baba yake akamzuia. Akainua kafi yake kutoka majini, akailaza juu ya magoti, na akaweka mikono juu yake.

Maji yakatuchukua. Tulipita mbele ya bandari, mbele ya viti vya plastiki na saruji tupu na lori la bati lililokuwa linawashwa liondoke, na mzee yule aliketi wima, uso wazi, akiacha kila mtu amwone anabebwa. Alikuwa analia na hakujificha. Nililia naye. Tukashuka hadi chini kabisa, kwenye magugu, ambako wanawake walikuwa wanafua nguo. Walisimama na povu mikononi wakamtazama Masudi akija, wakaingia majini kuishika pua ya mtumbwi, na hakuna aliyemuuliza habari za Ubundu.